Mgeni Huacha Lini Kuwa Mgeni?

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia methali hii kumtania jamaa aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwao. Lakini tukiitazama vizuri tutaona kuwa ndani yake mna sheria nzima ya kuishi na watu. Siku mbili za kwanza mgeni hulishwa. Siku ya tatu hupewa jembe, naye akishalishika akalima, basi ameingia katika hesabu ya wenye shamba. Methali haikusema siku ya tatu afukuzwe. Wala haikusema kwamba mjukuu wake, miaka sitini baadaye, aulizwe kwao ni wapi.

Nimeyafikiri haya kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua mbatata Sachangwan na kuzileta soko la Kongowea. Kwa msomaji asiyepajua, Sachangwan iko kandokando ya barabara kuu itokayo kwetu kwenda Uganda, ukishapita Nakuru na Salgaa, kabla hujafika Mau Summit. Ni nchi ya milima, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake humvisha mtu wa pwani makoti mawili. Udongo wake ni mweusi na mzuri. Huko hulimwa mbatata, mahindi, kabeji na njegere, na zamani pareto ilileta fedha nyingi.

Kuna mama mmoja mzee ninayenunua kwake. Nyumba yake ilichomwa mwaka 1992, akaijenga. Ikachomwa tena mwanzo wa mwaka 2008, akaijenga tena. Siku moja nilimwuliza kwa nini shamba lote ni mbatata tu, hakuna hata mti mmoja wa matunda. Alinijibu kwa utulivu kwamba mbatata huiva kwa miezi mitatu au minne, lakini mti hutaka miaka, na yeye hapandi kitu asichokuwa na hakika ya kukila. Mama huyu ni Mkikuyu. Marehemu mumewe alizaliwa papo hapo, katika shamba la Mzungu, na watoto wake hawana kwao kwingine. Hata hivyo, kila ufikapo mwaka wa uchaguzi, huambiwa kwamba yeye ni mgeni.

Sasa na tuulize: mwenyeji wa Sachangwan ni nani? Tukitaka kufuata nani alitangulia, basi na tufuate mpaka mwisho. Katika misitu ya Mau wametangulia Waogiek, warina asali na wawindaji. Hao walipofukuzwa msituni walikwenda kushtaki, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaamua kuwa serikali ya Kenya imevunja haki zao. Katika mbuga za Bonde la Ufa Wamasai walilisha ng'ombe wao, mpaka Waingereza walipowahamisha kwa mkataba wa mwaka 1904, kisha wakawahamisha tena kwa mkataba wa 1911. Baadaye wakaja masetla wa Kizungu, wakaigawanya nchi kwa mashamba makubwa, na kuilima wakawaleta maskwota, Wakikuyu na Wakalenjin na wengineo. Ulipokuja uhuru mwaka 1963 mashamba yale yalianza kugawanywa na kuuzwa. Wengine walipata kupitia skimu za serikali, wengine wakachanga fedha katika vyama na makampuni ya kununua ardhi. Kwa hiyo katika kijiji kimoja utamkuta Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii na Mluhya, na kila mmoja babu yake alifika hapo kwa njia fulani. Ukiondoa Waogiek na Wamasai, kuna tofauti ya miaka tu baina ya mgeni na mgeni.

Pamoja na hayo, nchi hiyo imemwaga damu mara baada ya mara. Mapigano yalianza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei huko Nandi, na mwaka 1992 yakafika Molo, jirani na Sachangwan. Bunge liliunda kamati ya kuyachunguza, na mwenyekiti wake alikuwa Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, yaani mbunge wa kwetu pwani. Kamati ile ilionyesha kwamba wanasiasa walikuwa na mkono katika moto ule. Ripoti yake haikupendeza, na Bunge likaikataa. Ikaja Tume ya Jaji Akiwumi mwaka 1998. Ikaja tena Tume ya Jaji Waki baada ya machafuko ya 2007 na 2008, ambayo ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi nzima. Katika miaka hiyo yote lilitumika neno moja la kutisha, madoadoa, maana yake watu walio kama doa juu ya nguo nyeupe. Na doa, kama tujuavyo, hufuliwa.

Labda msomaji atasema: hayo ni mambo ya bara, yatuhusu nini? Subiri kidogo, tutafika kwetu. Kwanza nataka tuvuke bahari mpaka Uchina, kwa sababu huko kuna watu ambao jina lao lenyewe ni swali hili ninalouliza.

Watu hao huitwa Wahakka. Ni Wachina kama Wachina wengine, na lugha yao ni miongoni mwa lugha za Kichina. Wazee wao walitoka kaskazini, na kwa karne nyingi, kwa vita na njaa, wakasogea kusini mpaka wakafika jimbo la Guangdong karibu na bahari. Huko walikuta ardhi nzuri ya mabondeni imekwisha kuchukuliwa, wao wakapata milima. Wenyeji wakawaita Hakka, maana yake jamaa za wageni. Wenyeji wenyewe walijiita Punti, yaani watu wa papa hapa. Wahakka walikodi mashamba, wakalima, wakazaa na kuzikana. Wanawake wao hawakufungwa miguu kama ilivyokuwa desturi ya Wachina wengi, kwa sababu walikuwa wakilima pamoja na waume zao. Lakini jina la wageni halikuwatoka.

Mwaka 1855 Wapunti na Wahakka walianza kupigana. Vita vile viliendelea mpaka 1867, miaka kumi na miwili, kijiji kwa kijiji. Waliokufa wanakadiriwa kuwa laki kadhaa, na wengine hutaja hata milioni moja. Mateka waliuzwa kwa mawakala wa Makao, wakapakiwa merikebuni kwenda kufanya kazi za suluba Kuba na Peru. Mwisho serikali ya mfalme ilichoka, ikaamua kuwatenganisha. Wahakka wengine wakapewa fedha kidogo wahame kabisa. Wengine wakakatiwa kipande cha nchi kando ya bahari katika wilaya ambayo leo inaitwa Taishan, na mwaka 1867 kikafanywa wilaya yao peke yao, jina lake Chixi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa wilaya ya mashamba, ya pwani, ambayo karibu wakazi wake wote ni wageni kwa jina.

Je, utengano ule ulikuwa dawa? Mimi naona ulikuwa bendeji. Ulizuia damu, lakini haukujibu swali. Mkulima wa Chixi alibaki mgeni katika nchi aliyopewa kwa amri, na maelfu ya wenzake walitawanyika duniani. Chixi yenyewe haipo tena kama wilaya, imerudishwa ndani ya Taishan. Ni mji mdogo tu, na hata leo watu wake wanasema Kihakka.

Kinyume chake, itazame Xinwu, wilaya ya mashamba ya mpunga katika pwani ya Taoyuan, kisiwani Taiwan, ambako wengi wa wakazi ni Wahakka. Wasifika kwa kulima, lakini hapo walijifunza bahari. Walijenga kuta za mawe ufuoni, maji yakijaa samaki huingia, maji yakitoka samaki hubaki ndani, kazi ile ile ya uzio na wando wa wavuvi wetu. Na walivuta nyavu kutoka ufuoni, kijiji kizima kwenye kamba, kama wavutavyo juya wa kwetu. Hawa waliachiwa nafasi wakashika jembe na kamba, na leo hakuna awaulizaye watarudi lini. Tangu mwaka 2018 Kihakka kimetambuliwa na sheria ya Taiwan kuwa lugha ya taifa. Hata ng'ambo ya bahari yetu hii, huko Mauritius, Wachina wengi asili yao ni Wahakka, na Sir Moilin Jean Ah-Chuen, mfanyabiashara wa jamii ya Kichina aliyepata kuwa waziri, sura yake imechapwa katika noti ya rupia 25. Nchi ile ilimpa mgeni jembe, kisha ikamweka hata katika fedha yake.

Haya, turudi nyumbani. Sisi watu wa pwani tunapenda kusema kwamba ukarimu ni wetu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, Likoni, kituo cha polisi kilishambuliwa, askari sita wakauawa, kisha vijana wakaingia mitaani kuwatafuta watu wa bara. Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya waliuawa, vibanda vyao vikachomwa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Karatasi zilizotupwa ziliwaambia warudi kwao. Lugha ilikuwa ile ile ya Molo, ila safari hii ilitamkwa kwa lafudhi yetu. Na mwezi Juni 2014, Mpeketoni katika Lamu, ambako tangu miaka ya 1970 watu wasio na ardhi kutoka bara, wengi wao Wakikuyu, walipewa mashamba katika skimu ya Lake Kenyatta, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani kwa muda wa siku mbili. Kundi la al-Shabaab lilisema ndilo lililofanya. Wanaume waliulizwa dini yao kabla ya kuuawa. Dini yetu haikuwatuma wale wauaji, na masheikhe waliyasema hayo waziwazi. Lakini ni lazima tujiulize kwa nini, kabla ya maiti kuzikwa, palikuwa na watu vijiweni waliosema kwa sauti ndogo kwamba wale nao walikuwa wageni.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tukumbuke kuwa sisi nasi ni wageni mahali. Si mbali na Sachangwan upo mji wa Eldama Ravine, na humo wapo Wanubi, Waislamu wenzetu, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Ni katika Ravine hiyo mwaka 1897 ndipo askari wale walipoasi. Wanubi wa Kibera walingoja zaidi ya miaka mia moja mpaka mwaka 2017 ndipo wakapewa hati ya ekari 288. Kadhalika kila mji wa bara una mtaa wa Majengo, na katika kila Majengo kuna msikiti, madrasa na jamaa zetu. Likikubaliwa kwamba mtu akae kwao tu, wale nao watafungiwa virago. Na Wapemba wa Kilifi na Kwale je, wavuvi hodari, Waswahili na Waislamu, waliozaliwa katika fuo hizi lakini hawakuwa na kitambulisho, wakavua kwa kujificha kama wezi? Walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikika. Tulifurahi walipopata haki yao, na ilitupasa kufurahi. Basi furaha ile tusiifanye ya Wapemba peke yao.

Najua jibu nitakalopewa, nami sitalikwepa, kwa sababu lina uzito. Nitaambiwa: wewe unayetetea wabara, hujui kuwa sisi ndio tulioporwa? Najua. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wajitokeze na madai yao, na wengi katika Wamijikenda na wengineo hawakupata nafasi hiyo, basi ardhi yao ikahesabiwa haina mwenyewe na ikawa ya serikali ya kikoloni. Mpaka leo kuna wazee katika maili kumi za pwani wanaoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mwenye shamba anaishi mbali, na huwakataza kujenga nyumba ya mawe na kupanda mnazi, kwa sababu mnazi ni shahidi, mtu akishapanda mnazi hudai.

Lakini hebu tusimame hapa. Mzee wa Kilifi hapandi mnazi kwa kuogopa mwenye hati. Mama wa Sachangwan hapandi mti wa matunda kwa kuogopa mwenye rungu. Hawa wawili ni watu wa dhiki moja. Mmoja ana hati lakini hana amani, na mwingine ana makaburi lakini hana hati. Anayewaambia kwamba wao ni maadui ana jambo lake analolitafuta, na mara nyingi jambo hilo ni kura. Aliyepora pwani kwa hesabu ya mamia ya ekari hakuwa yule Mluhya muuza mboga wa Likoni aliyechomewa kibanda. Yule mwenye mamia ya ekari hakuguswa mwaka 1997, na usiku ule alilala usingizi wake.

Kwa hiyo nasema tubadilishe swali. Tusimwulize mtu ametoka wapi. Tumwulize ardhi aliipataje. Kama aliinunua kwa jasho lake, au alipewa kwa haki akailima, basi ni yake, awe Mkikuyu katika Sachangwan au Mgiriama katika Molo. Kama aliipata kwa kupindua karatasi ofisini, basi arudishe, hata akiwa ni mtu wetu, wa dini yetu na wa mtaa wetu. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila raia haki ya kukaa na kumiliki mali popote katika Kenya, na katiba hiyo hiyo imeunda Tume ya Taifa ya Ardhi, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuchunguza dhulma za zamani. Milango yote miwili imewekwa na katiba. Tuidai haki yetu kwa mlango wa pili bila kuubomoa wa kwanza, kwa kuwa siku moja watoto wetu watautaka.

Mgeni naye ana wajibu. Methali imesema apewe jembe, haikusema alale kitandani. Mtu akija pwani akakaa miaka ishirini bila kumjua jirani yake kwa jina, akaajiri jamaa zake tu, akaziona mila za wenyeji kuwa uvivu, basi anajichelewesha mwenyewe katika ugeni. Lakini adhabu ya kukosa adabu ni kuonywa. Si kuchomewa nyumba.

Sisi Waislamu tuna mfano ulio karibu kuliko wa Uchina. Mtume wetu (s.a.w.) alihama Makka akaingia Madina mwaka 622, naye na sahaba zake wakawa wageni katika mji wa watu. Wale wenyeji waliowapokea hawakuitwa wenyeji. Waliitwa Ansari, maana yake wasaidizi, wakapewa jina la walichotenda. Mtume akawaunganisha udugu, muhajiri mmoja na ansari mmoja, wakagawana walichokuwa nacho. Na mwaka wetu wa Hijria hauhesabiwi tangu kuzaliwa kwake wala tangu ushindi wowote vitani. Unahesabiwa tangu safari ile ya ugenini. Mtu ambaye tarehe zake zote zinaanzia hapo, atamdharauje mgeni?

Nimalizie na jambo nililolisikia huko huko bara kutoka kwa walioliona. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan. Watu walikimbilia na madebe na mitungi kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 110 wakafa. Wengi waliungua hata hawakutambulika. Mwaka mmoja tu kabla ya siku ile, watu wa nchi ile walikuwa wakitambuana vizuri sana, wakijua nani ni wa kabila gani na anakaa nyumba ipi. Siku ile hakuna aliyeweza kumtoa Mkalenjin katika Wakikuyu. Walikufa kwa umaskini mmoja, na walioomboleza waliomboleza pamoja, kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili, lugha yetu sisi, ambayo ilipanda milima ile ikiwa mgeni, midomoni mwa wapagazi na askari na wachuuzi, na leo inatawala soko la Sachangwan bila ya mtu kuiambia irudi pwani.

Uchaguzi huja na kwenda, na maneno ya wageni na wenyeji yatakuja nao. Yakifika barazani kwako, ndugu msomaji, usiyaache yapite kama mzaha. Mwulize msemaji: huyo unayetaka aondoke, ardhi yake aliipataje? Kama hana jibu, mwambie anyamaze anywe kahawa yake. Na kama analo jibu, mpelekeni pamoja kwenye tume na mahakamani, mchana, kwa majina yenu. Mama wa Sachangwan apande mti wake, na mzee wa Kilifi apande mnazi wake.